Walioitwa waongo: shajara ya mradi wa historia ya fikra za kijiografia

Januari, wiki ya kwanza

Kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza kijitabu chenye chati moja kubwa ya kukunjua, kinachoeleza jinsi watu walivyoifikiria dunia tangu vibao vya udongo vya Babeli hadi picha za setilaiti. Tuko watatu: mimi naandika, mwenzangu anachora, na wa tatu anahariri, yaani anakata. Tunawalenga walimu wa jiografia, na yeyote aliyemaliza shule akiamini kwamba somo hili ni kukariri mito na miji mikuu.

Mpango wa sura niliobandika ukutani ni ule uliozoeleka vitabuni: Wagiriki, Warumi, zama za kati, Waarabu, wavumbuzi wa Ulaya, vyuo vikuu vya Ujerumani, kisha leo. Mhariri ameutazama akauliza swali moja tu: "Wachina wanakaa wapi?" Hawana pa kukaa. Pei Xiu aliweka kanuni sita za uchoraji wa ramani katika karne ya 3, zikiwemo skeli na namna ya kurekebisha umbali pale njia inapopanda na kushuka, lakini katika mpango huu angeishia kwenye kisanduku pembeni ya ukurasa. Ibn Khaldun, msomi wa Maghrebi wa karne ya 14, naye anageuzwa daraja la kuvushia vitabu vya Kigiriki kwenda Ulaya, wakati hakuwa daraja la mtu.

Januari, wiki ya tatu

Mpango umebomolewa. Sura zitafuata maswali badala ya mataifa. Maswali ni matatu: dunia ina umbo na ukubwa gani? Kitu fulani kiko wapi hasa? Kwa nini hapa pako hivi na pale pako vile? Kila swali litapita katika karne zote na lugha zote, na anayelijibu vizuri ndiye anayepewa nafasi, awe wa Kaifeng kule China au wa Palermo kule Sisilia.

Mchoraji hakufurahi, maana alishaanza kuchora mstari mmoja wa miaka. Sasa chati itakuwa na mistari mitatu inayokwenda sambamba.

Januari, mwisho: umbo na ukubwa

Sura hii imeandikika haraka kwa sababu hoja zake mtu anaweza kuzijaribu mwenyewe. Aristotle alitoa mbili ambazo hazijazeeka: kivuli cha dunia kwenye mwezi unapopatwa huwa na ukingo wa mviringo, na msafiri anayetoka kaskazini kwenda kusini huona nyota mpya zikichomoza ambazo kwao hazionekani. Baada yake swali halikuwa tena umbo bali kipimo.

Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alijua kwamba adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka jua huwa utosini kabisa kule Syene, Aswan ya leo, na kijiti hakitoi kivuli. Saa hiyohiyo Aleksandria kijiti kinatoa kivuli, na pembe yake ni sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali wa miji hiyo miwili ulikadiriwa kuwa stadio 5,000. Zidisha kwa 50, unapata mzingo wa stadio 250,000, ambao baadaye alifanya kuwa 252,000. Wanazuoni bado wanabishana kuhusu urefu wa stadio aliyoitumia, kwa hiyo nimekataa kuweka ile asilimia ya usahihi inayorudiwa kila mahali. Kilichonivutia ni mbinu, na mbinu ni safi.

Nimeongeza majaribio mawili ambayo vitabu vingi hupita juu juu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, alituma wapimaji katika uwanda wa Sinjar. Walitembea kwa mstari wa kaskazini na kusini mpaka kimo cha ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota huonekana kuzunguka, kikabadilika kwa nyuzi moja, wakapima umbali waliokwenda. Karne mbili baadaye msomi al-Biruni hakutembea kabisa. Karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, alipima urefu wa mlima, akapanda juu yake, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka chini ya mstari ulalo, na kutokana na pembe hiyo akapata nusukipenyo cha dunia. Mtu mmoja, mlima mmoja, kipimapembe kimoja. Mchoraji ameamua mbinu hizi tatu zikae ubavu kwa ubavu katika ukurasa mzima, na mhariri hakukata hata mstari.

Aya ya Columbus imenipa raha ya pekee. Hekaya ya kwamba wasomi wa zama zake waliamini dunia ni bapa ilienezwa sana na mwandishi wa Marekani Washington Irving mwaka 1828. Ukweli ni kwamba kitabu cha Sacrobosco kuhusu tufe kilikuwa kikisomeshwa katika vyuo vya Ulaya tangu karne ya 13. Wapinzani wa Columbus walibisha juu ya umbali. Yeye alikusanya kila kipimo kidogo alichoweza kupata: akachukua maili za mwanafalaki al-Farghani, ambazo ni za Kiarabu, akazihesabu kama maili fupi za Kirumi, kisha akairefusha Asia kuelekea mashariki. Kwa hesabu zake Japani ilikuwa karibu zaidi ya mara nne kuliko ilivyo. Wapinzani walikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea, ila njiani palikuwa na bara ambalo hakuna aliyelihesabu upande wowote wa mabishano.

Februari: sura isiyokuwa kwenye mpango

Nilikuwa nakusanya habari za safari za kale kwa ajili ya swali la pili, nikakwama kwenye jambo jingine kabisa.

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia kwamba Farao Neko alituma mabaharia Wafoinike waizunguke Libya, jina walilotumia Wagiriki kwa Afrika. Walitokea Bahari ya Shamu, kila mwaka wakatua pwani, wakapanda nafaka, wakavuna, wakaendelea, na mwaka wa tatu wakarudi Misri kupitia mlango wa Gibraltar. Waliporudi walisema kwamba walipokuwa wakiizunguka Libya jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodotus anaandika wazi kwamba hilo yeye haliamini, labda mwingine ataliamini.

Sasa chukua tufe. Ukizunguka ncha ya kusini ya Afrika ukielekea magharibi, uko kusini kabisa ya tropiki, na jua la adhuhuri linakaa kaskazini yako, yaani kulia. Kile kipande kimoja alichokikataa ndicho kinachowafanya wengi leo waione habari hii kuwa ya kuaminika. Na tumshukuru mzee, maana hakuamini lakini aliandika. Wangapi wangefuta?

Siku chache baadaye nikakutana na Pytheas wa Massalia, Marseille ya leo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo alipanda kaskazini hadi Uingereza, akarudi na habari za nchi aliyoiita Thule, siku sita kwa meli kutoka Uingereza, ambako usiku wa kiangazi ni mfupi mno na bahari ya mbele yake imeganda. Eratosthenes alizitumia habari zake. Strabo, aliyeandika juzuu 17 za jiografia mwanzoni mwa dola la Kirumi, alimwita mwongo, na hakumwita mara moja tu. Sababu zake zilikuwa za kisomi: kwa nadharia ya kanda za joto na baridi aliyoishika, binadamu hawezi kuishi kaskazini kiasi hicho. Isitoshe, Pytheas alikuwa mtu wa kawaida tena asiye na mali. Mwanahistoria Polybius aliuliza kabla ya Strabo, mtu kama huyo angewezaje kusafiri mbali hivyo?

Nimeongeza swali la nne ukutani: nani anaaminiwa? Mhariri ameonya kwamba swali hili litameza mengine matatu. Anaweza kuwa na haki, lakini kila nikifungua faili jipya nalikuta limenitangulia.

Februari, mwisho: kitu kiko wapi

Nimeandika kidogo hapa, maana mengi yanajulikana. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliorodhesha kama mahali 8,000 na kutaja latitudo na longitudo ya kila pamoja. Latitudo zake zilikuwa nafuu kwa sababu zilipimika kwa nyota na kivuli. Longitudo alizikokotoa kwa siku za safari za wafanyabiashara na mabaharia, na hapo mambo yakaharibika: Mediterania ikapata urefu wa nyuzi 62 badala ya 42 hivi. Al-Khwarizmi, yuleyule wa aljebra, aliipunguza ikasogea karibu na ukweli. Ulaya ilipoitafsiri jiografia ya Ptolemy kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15, iliipokea pamoja na urefu wa zamani, kana kwamba miaka 600 ya masahihisho haikuwahi kuandikwa.

Tatizo la longitudo lilikuwa tatizo la saa. Mwanafalaki Mgiriki Hipparchus alishaeleza kwamba watu wawili wakitazama mwezi uleule ukipatwa, tofauti ya saa zao za mahali ndiyo tofauti ya longitudo. Baharini hakuna kupatwa kwa mwezi kwa agizo. Ilibidi kungoja saa ya nne ya fundi Mwingereza John Harrison, iliyojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaika mwaka 1761.

Mchoraji anataka sura hii iwe na ramani zisizojali usahihi wa mahali, nami nimekubali. Ile ya Hereford, ya mwaka 1300 hivi, ina mashariki juu na Yerusalemu katikati. Swali lake ni wokovu, wala haikuchorwa kumwongoza baharia. Al-Idrisi alimchorea Mfalme Roger wa Sisilia ramani ya dunia akiwa Palermo, kazi iliyokamilika 1154, vipande 70, na kusini ndiko juu. Jiwe la Yu ji tu, lililochongwa China mwaka 1136, lina miraba ya li 100 (kipimo cha umbali cha Kichina) kila upande na mito iliyopinda kwa namna inayotambulika hata leo. Ukiziweka tatu pamoja, hakuna iliyo "nyuma" ya nyingine.

Kuhusu mchora ramani Mercator tumebishana. Rasimu ya kwanza ilimshambulia kwa kuifanya Greenland ionekane kubwa kama Afrika, wakati Afrika inaizidi takriban mara 14. Nimeigeuza. Ramani ya 1569 ilikuwa chombo cha mabaharia: mstari mnyoofu juu yake ni mwelekeo uleule wa dira kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, na kwa kazi hiyo hadi leo haina mpinzani. Lawama ziende kwa waliochukua chombo cha manahodha wakakitundika ukutani mwa darasa.

Machi: hewa bora iko nyumbani

Sura ya swali la tatu nimeianza kwa kundi la waandishi ambao, nikiwapanga mstari mmoja, wananifanya nicheke peke yangu.

Aristotle anasema watu wa nchi baridi za Ulaya wana moyo lakini akili zao ni chache, wale wa Asia wana akili lakini hawana moyo, na Wagiriki, waliokaa katikati, wana vyote viwili. Ibn Khaldun, katika utangulizi wake mashuhuri wa 1377, anagawa dunia katika kanda saba na kukuta kwamba zenye wastani wa joto na baridi ndizo zenye watu timilifu. Maghrebi, kwao, imo. Mfaransa Montesquieu mwaka 1748 anakuta baridi ya kaskazini inakaza nyuzi za mwili na kuleta ujasiri. Ellsworth Huntington wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1915, anachora ramani za nguvu ya hali ya hewa juu ya binadamu, na miongoni mwa sehemu bora kabisa iko kaskazini-mashariki ya Marekani, pale alipokuwa ameketi. Wote wana hoja, wote wana mifano, na wote wamefika nyumbani.

Hata hivyo sitaki kuwatia kapu moja. Ibn Khaldun anastahili aya yake, kwani katika sura hiyohiyo anaikataa waziwazi hadithi iliyokuwa ikienezwa, kwamba weusi wa ngozi ni laana waliyorithi wana wa Hamu. Anasema ni jua na joto la nchi, na mwenye kudai laana hajui tabia ya joto na baridi. Kanda zake zilimpotosha kuhusu tabia za watu, lakini zilimpa nguvu ya kuvunja uwongo mbaya zaidi.

Upande mwingine wa sura ni watu waliouliza "kwa nini" kuhusu ardhi yenyewe. Shen Kuo, msomi wa China, aliona tabaka la kombe na kokoto kwenye miamba ya milima ya Taihang, mbali sana na bahari, akahitimisha kwamba hapo zamani palikuwa ufuko na nchi imejengwa na tope la mito. Al-Biruni alitazama uwanda wa kaskazini mwa India: karibu na milima mawe ni makubwa, ukishuka yanapungua, ukikaribia bahari ni mchanga tu. Akasema uwanda huo ulikuwa bahari iliyojazwa na mito. Wote wawili ni wa karne ya 11, na hakuna aliyemsoma mwenzake.

Mwisho wa sura ni mvutano wa wanajiografia wawili, Mjerumani Ratzel na Mfaransa Vidal de la Blache. Ratzel aliitazama dola kama kiumbe hai kinachohitaji nafasi ya kukua, na mwaka 1901 akaandika juu ya *Lebensraum*, nafasi ya kuishi. Alifariki 1904, wanasiasa wa Kinazi walikuja kulitumia wazo hilo kuhalalisha uvamizi ambao yeye hakuuona. Vidal, kule Ufaransa, alijibu kwamba mazingira hutoa nafasi na watu huchagua kwa mila, zana na historia yao. Walimu wengi hufundisha hili kama pambano ambalo Vidal alishinda. Mimi nimeandika tu kwamba bonde moja hulisha mfugaji, mkulima au mchimbaji, na mvua ni ileile.

Aprili: milima isiyokuwepo na theluji iliyokuwepo

Hii ndiyo sura niliyoifanyia kazi kuliko zote, na mhariri amesharuhusu irefuke.

Mwaka 1749 d'Anville, mchoraji wa ramani huko Paris, alitoa ramani ya Afrika aliyofuta kila kitu kisicho na ushahidi. Majina ya kubuni, mito ya kukisia na falme za kusikia zikaondoka. Sehemu kubwa ya ndani ikabaki nyeupe. Kama tendo la kisomi ni la uaminifu mkubwa: mtu analipwa kwa kuchora, naye anakataa kuchora.

Nusu karne baadaye James Rennell, mwanajiografia aliyeheshimika Uingereza, alichora ramani kwa ajili ya safari za mpelelezi Mungo Park. Ili nadharia yake ya mkondo wa mto Niger isimame, alihitaji ukuta wa milima kusini yake. Akauchora: Milima ya Kong, ikikatiza Afrika Magharibi. Wachoraji wengine wakanakili, wakaurefusha, wengine wakauunganisha na Milima ya Mwezi ya Ptolemy. Ilikaa kwenye ramani kwa karibu karne nzima, mpaka Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 na kukuta hakuna milima.

Sasa linganisha. Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa karibu na Mombasa, aliuona Kilimanjaro na kofia yake nyeupe, akaandika kuwa ni theluji. London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alimkejeli kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani, mmisionari ana macho mabovu. Ilibidi msafiri Mjerumani von der Decken apande mlimani mwaka 1862 na theluji imwangukie ndipo ubishi ukaanza kufa. Milima ya kubuni ya msomi ilipokelewa bila maswali, na mlima wa kweli wa mtu wa porini ulihitaji miaka 14.

Na hata Rebmann hakuwa wa kwanza kujua. Alikuwa na mwongozaji, na watu wa Uchagga waliishi chini ya theluji hiyo vizazi kwa vizazi. Yeye na mwenzake Erhardt walipochora ramani yao ya ziwa kubwa la ndani, iliyotoka 1855 na 1856 na kuchekwa London kwa umbo lake la konokono asiye na kombe, walitegemea maelezo ya wafanyabiashara wa misafara. Wasafiri wa njia tofauti walisema kila njia inaishia kwenye maji, nao wakaunganisha maji yote. Wasafiri walikuwa sahihi: njia moja ilifika Nyasa, nyingine Tanganyika, nyingine Nyanza. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta ziwa hilo, wakipita njia zilezile, wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay. Kisha ikaandikwa kwamba maziwa "yamegunduliwa".

Hoja ngumu ya sura nimeiweka katikati, nisije nikaifanya hitimisho: ule weupe wa d'Anville. Yeye alimaanisha "sina ushahidi". Karne moja baadaye weupe huohuo ukasomwa "hakuna mtu". Vyama vya kijiografia vilikuwa vimeshaanzishwa Paris 1821, Berlin 1828 na London 1830, na ramani zao zilikuwa mezani wakati dola 14 zilipokutana Berlin kati ya Novemba 1884 na Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja kikaoni. Kukiri kutojua kuligeuzwa hati ya kumiliki. Mchoraji anauliza kama ukurasa huu uwe na ramani mbili tu, ya 1749 na ya mwisho wa karne ya 19, bila maelezo. Nimekubali mara moja.

Mei: profesa na mfungwa

Mwanasayansi Mjerumani Humboldt amenisumbua kwa wingi wake. Nimebakisha mambo matatu. Kwanza, ziwa Valencia huko Venezuela mwaka 1800, alipoona maji yamepungua na akataja ukataji wa misitu kuwa chanzo. Pili, Chimborazo mwaka 1802, na ule mchoro wa mlima mmoja unaoonyesha mimea ikibadilika kwa kimo kama inavyobadilika kutoka ikweta kwenda nchani. Tatu, mistari ya joto sawa ya 1817, ambayo leo tunaiona kwenye kila taarifa ya hali ya hewa bila kumkumbuka. Ritter, mwenzake wa Berlin, anapata aya moja tu. Aliandika juzuu 19 na alifundisha kizazi kizima, lakini kwa msomaji wa leo ni mzito. Walikufa mwaka mmoja, 1859.

Baada yao jiografia iliingia vyuoni ikiwa na tajiri wake, dola. Mwingereza Mackinder aliyeupanda Mlima Kenya mwaka 1899 ndiye aliyetoa mwaka 1904 hotuba juu ya eneo la Eurasia kama mhimili wa nguvu za dunia. Nimeweka upande wa pili wa ukurasa watu waliokataa tajiri huyo. Élisée Reclus aliandika jiografia ya dunia nzima kwa juzuu 19 akiwa uhamishoni baada ya kushiriki Komyuni ya Paris, uasi wa 1871. Mrusi Kropotkin, mwaka 1885, akiwa bado kifungoni Ufaransa, alichapisha makala akitaka somo hili liwafundishe watoto kwamba watu wote ni ndugu. Mhariri ameandika pembeni: "Huyu abaki."

Juni: karne ya 20, kwa haraka

Nimekataa kuorodhesha shule zote za fikra. Mjerumani Christaller amepata nafasi kwa nadharia ya 1933 ya miji kupangana kwa pembesita, na pia kwa ukweli kwamba wakati wa vita aliitumia kupanga makazi katika Poland iliyovamiwa na Wanazi. Ukiacha la pili, la kwanza linaonekana safi mno.

Kutoka kwenye mapinduzi ya hesabu ya miaka ya 1950 na 1960 nimemchukua William Bunge. Alichapisha kitabu cha nadharia kigumu sana mwaka 1962, kisha akaingia mitaa ya Detroit na kuanza kazi upya, akishirikiana na Gwendolyn Warren, msichana wa mtaani hapo aliyekuwa kiongozi wa vijana. Moja ya ramani zao inaonyesha barabara ambako magari ya watu wanaotoka kazini kwenda viungani yaliwagonga watoto weusi. Wenyeji walishaijua habari hiyo. Ramani iliwalazimisha wengine waione. David Harvey alipita njia inayofanana: mwaka 1969 aliandika juu ya mbinu za kisayansi za kueleza, na mwaka 1973 juu ya haki katika mji.

Kisha Marie Tharp. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, alichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya sauti ambavyo wengine walivileta kutoka baharini. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli hizo. Aliona bonde la ufa likipita katikati ya mgongo wa bahari. Mwenzake Bruce Heezen aliyaita mazungumzo ya kike, kwa sababu bonde hilo lilifanana mno na wazo la Wegener la 1912 kwamba mabara husogea, na wazo hilo lilikuwa aibu kulitaja. Vitovu vya matetemeko vilipochorwa kwenye meza ya pili vikaangukia ndani ya bonde lake. Heezen akakubali.

Julai: chati

Sura zote ziko kwa mhariri. Mapinduzi ya kompyuta, kuanzia mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada wa miaka ya 1960 hadi setilaiti ya Landsat ya 1972, yamebanwa kwenye kurasa mbili na yanatosha.

Chati imekuwa na mstari wa nne. Kila aliyebishiwa amewekwa alama mbili, mwaka aliosema na mwaka alioaminiwa, na kati yake rangi nyekundu. Wa Tharp ni kijisehemu. Wa Rebmann ni mfupi, 1848 hadi 1862. Wa Wegener unatoka 1912 hadi miaka ya 1960. Wa Wafoinike wa Neko unavuka karatasi karibu yote, na mchoraji ameuacha bila alama ya mwisho, kwa kuwa wapo wanaobisha mpaka leo.

Kilichobaki ni mstari wa wasafiri wa misafara. Hawana jina, hawana mwaka, na kanuni ya chati inadai vyote viwili. Mhariri anasema uondolewe la sivyo kanuni ivunjwe kwa kila mtu. Mchoraji ameutia kwa nukta nukta kutoka pembeni hadi 1858, mwaka Burton na Speke walipoyafikia maziwa, na amekataa kuufuta. Tunakutana Jumatatu kuamua kabla faili halijaenda kwa mpiga chapa.